Chenji Ndiyo Inayokutaja: Kutuma Sarafu za Kidijitali Bila Kujianika

Fadhaa huja baada ya malipo ya kwanza, si kabla. Muuzaji ameshapokea chake. Mlipaji, kwa udadisi tu, anafungua tovuti ya kutazama miamala, anabandika namba ya muamala wake na kuanza kubonyeza mishale. Mshale wa nyuma unampeleka siku aliyonunua bitcoin zake. Mshale wa mbele unamwonyesha kilichobaki. Akibonyeza pembeni kidogo, anakutana na fedha aliyolipwa miezi mitatu iliyopita na mtu ambaye hahusiki kabisa na ununuzi huu. Ndipo moyo unapomlipuka: muuzaji naye ana mishale hiyo hiyo.

Waliokaa na sarafu hizi kwa muda wanaijua saa hiyo. Wanajua pia kwamba kosa kubwa kuliko yote hufanyika dakika chache baadaye. Kwa hofu, mtu anafungua pochi mpya, yaani programu ya kutunzia sarafu, na kuhamishia kila alichonacho kwa muamala mmoja. Anadhani amekimbia. Kumbe vipande vilivyokuwa vimetawanyika, ambavyo hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika ni vya nani, amevifunga fungu moja na kutia sahihi juu yake. Hapo maji yamemwagika, hayazoleki. Daftari la bitcoin, linaloandika kila muamala hadharani, halifutwi: bitcoin 10,000 zilizolipiwa piza mbili mwezi Mei 2010 zinatazamwa mpaka leo na yeyote mwenye intaneti. Kila nitakachoeleza hapa ni kinga. Tiba ni chache mno.

Turudi nyuma kidogo, kwa sababu bila kuelewa sarafu inavyokaa kwenye pochi, ushauri wote unakuwa wa kukariri. Bitcoin haikai kama salio la benki. Inakaa kama noti. Kila ulipopokea ulipata kipande chenye thamani yake na anwani yake. Kwenye programu utaviona vimeandikwa UTXO. Pochi inajumlisha tu na kukuonyesha namba moja. Ukilipa, kipande huingia kizima, hakikatwi. Kinachozidi hukurudia kama chenji, kwenye anwani nyingine ambayo pochi imeitengeneza yenyewe bila kukuuliza.

Chukua pochi yenye vipande vitatu. Cha kwanza ni bitcoin 0.05 na kimetoka kwenye soko la sarafu lenye nakala ya kitambulisho chako. Cha pili ni 0.012, malipo ya mteja. Cha tatu ni 0.0007, mchango ulioingia kwenye anwani uliyoibandika hadharani kwenye wasifu wako. Unataka kulipa 0.055. Kipande cha kwanza hakitoshi, basi pochi inachukua cha kwanza na cha pili, jumla 0.062. Muuzaji amekupa anwani inayoanza na 3. Pochi yako inatumia anwani zinazoanza na bc1q. Muamala wa namna hii una ukubwa wa baiti pepe 210 hivi, kipimo kinachotumika kukokotoa ada. Ukilipa ada ya satoshi 10 kwa kila baiti pepe, zinakatwa satoshi 2,100, yaani bitcoin 0.000021. Chenji inayorudi ni 0.006979.

Sasa usome muamala huo kama mtu baki. Vipande viwili vimeingia pamoja, kwa hiyo mwenyewe ni mmoja. Vimetoka viwili: kimoja 0.055, namba ambayo mtu anaweza kuipanga kichwani, kingine 0.006979, namba ambayo hakuna anayeipanga. Cha pili kinaanza na bc1q kama vile vilivyoingia, cha kwanza hakianzi hivyo. Chenji imeshajitaja. Mteja aliyekulipa 0.012 akifuata malipo yake anaona yameungana na kipande kikubwa mara nne ya chake. Soko la sarafu, linalojua jina lako, linaona kuna mtu mwingine anayekulipa. Muuzaji anaona vyote viwili na mabaki yako juu.

Mwezi unaofuata unalipa kitu kidogo cha 0.0072. Pochi inachukua ile chenji ya 0.006979 na kuitia nguvu kwa ule mchango wa 0.0007. Muamala huo mdogo, ambao hata hukuufikiria, umeunganisha mlolongo mzima na anwani iliyo kwenye wasifu wenye jina na picha yako.

Haya si mambo mapya. Maandishi ya Satoshi Nakamoto, mwanzilishi wa bitcoin, ya mwaka 2008 yenyewe yalishauri kutumia jozi mpya ya funguo, yaani anwani mpya, kwa kila muamala, na yakaonya kwamba muamala wenye vipande vingi hufichua kwamba vyote ni vya mwenye mmoja. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego walitumia ishara hizi mbili, vipande vinavyoingia pamoja na anwani za chenji, kukusanya anwani katika mafungu. Kisha wakafanya mamia ya miamala yao wenyewe na huduma mbalimbali ili kujua fungu lipi ni la nani. Ukitaja fungu moja, umetaja anwani zote zilizo ndani yake. Kwa hiyo usihangaike sana na kuonekana. Hangaika na kuunganishwa.

Kazi ya kwanza basi ni kuinyang'anya pochi uamuzi wa kuchagua vipande. Pochi za Sparrow, Electrum na Bitcoin Core zote zinakuruhusu kuchagua kwa mkono. Kwenye Bitcoin Core lazima kwanza uwashe uwezo huo kwenye mipangilio, ndiyo maana wengi hawajui kama upo. Pochi nyingi za simu hazina kabisa. Kama yako haina, hiyo ni sababu tosha ya kuihama, ila usiihame kwa pupa niliyoitaja juu.

Kazi ya pili ni lebo. Kila kipande kikiingia, kiandikie lebo siku hiyo hiyo, kabla hujasahau. Wengi huandika kimetoka kwa nini: "kazi ya Machi". Lebo inayosaidia ni ile inayoandika nani anajua kwamba kipande hiki ni changu: "soko, kwa kitambulisho", "mteja, jina tu", "umma wote". Ukiwa na lebo za namna hiyo, kanuni ya kuchagua inajileta yenyewe: vipande viwili vikiingia pamoja, kila aliyejua kimoja sasa anajua vyote viwili. Na chenji inarithi lebo zote za vipande vilivyoizaa, pamoja na jina la uliyemlipa. Hapo ndipo watu waangalifu huteleza. Wanachunga vipande vikubwa, chenji wanaiacha ijitafutie lebo.

Kwenye mfano wetu kulikuwa na njia bora. Ungeongeza kidogo kutoka soko lile lile ukalipa kwa vipande viwili vya chanzo kimoja, maana kuviunganisha hakumwambii mtu jambo jipya. Au ungesubiri upate kipande kinachozidi bei kwa kiasi kidogo tu, ili chenji iwe ndogo au isiwepo. Muamala usio na chenji ndio msafi kuliko yote: kipande kimoja kimeingia, kimoja kimetoka, na mtazamaji hajui kama umelipa mtu au umehamisha mwenyewe. Kama ziada ni satoshi mia chache, mwachie mpokeaji. Chenji ya chini ya kiwango cha vumbi, ambacho kwa anwani za bc1q ni satoshi 294, haipitishwi hata hivyo na nodi, yaani kompyuta zinazokagua na kusambaza miamala.

Tusifiche gharama. Tuseme una vipande kumi na unataka kuvihamishia pochi mpya. Ukivikusanya kwa muamala mmoja wa bc1q, ukubwa ni kama baiti pepe 722. Ukihamisha kimoja kimoja, kila kimoja na anwani yake mpya, ni baiti pepe 110 mara kumi, yaani 1,100. Kwa ada ya satoshi 10, tofauti ni satoshi 3,780. Hiyo ndiyo bei ya kutofunga fungu, nami naiona rahisi. Ada zikishuka hadi satoshi 1 au 2, inakuwa haina maana kabisa. Lakini usivirushe vyote saa moja, kwa sababu miamala kumi inayofanana sura, inayofuatana dakika kwa dakika, ni fungu lile lile kwa jina jingine. Vitawanye kwa siku kadhaa, kwa saa tofauti, kwa viwango tofauti vya ada. Hapa uvumilivu ndio unaochosha zaidi ya fedha.

Upande wa kupokea, toa anwani mpya kila mara. Pochi za kisasa hufanya hivyo zenyewe, ila kuna mtego. Ukigawa anwani nyingi ambazo hazikulipwa, kisha ukarejesha pochi kwa maneno ya siri, programu huacha kutafuta ikikuta anwani 20 mfululizo zisizotumika. Fedha iliyoingia kwenye ya 25 haitaonekana, na mtu anadhani ameibiwa. Hajaibiwa, aongeze tu kikomo hicho kwenye mipangilio. Na ule ufunguo mrefu unaoanza na xpub au zpub usimpe mtu wala programu ya simu ya kufuatilia salio. Hauwezi kuiba fedha, lakini anayeushika anaziona anwani zako zote, za jana na za miaka ijayo.

Mpaka hapa tumezungumzia daftari. Kuna mlango wa pili ambao hauandikwi popote hadharani: mtandao. Pochi ya kawaida haina daftari zima, basi inauliza seva ya mtu mwingine: anwani hii ina kiasi gani, na hii, na hii? Inaziuliza zote kwa mkupuo, kutoka anwani moja ya IP, namba inayotambulisha kifaa chako mtandaoni. Umechunga vipande vyako miezi sita, kisha pochi imemkabidhi mwenye seva orodha kamili ndani ya sekunde mbili. Kubandika muamala wako kwenye tovuti ya kutazama miamala ni udhaifu huo huo. Nani mwingine angeutafuta muamala uliotumwa dakika moja iliyopita?

Dawa ni nodi yako mwenyewe. Daftari zima la bitcoin limeshapita gigabaiti 600, lakini huhitaji kulitunza lote. Ukiandika prune=550 kwenye faili la mipangilio la Bitcoin Core, nodi inapakua na kukagua kila bloku, yaani kila ukurasa wa daftari, kisha inafuta za zamani na kubakiza takriban megabaiti 550 za bloku, ukiacha mafaili yake mengine. Upakuaji wenyewe hauepukiki: huchukua siku kadhaa kwenye kompyuta ya kawaida, na kifurushi cha data chenye kikomo kitaisha. Nodi ikikamilika, Sparrow inaunganishwa nayo moja kwa moja. Kinachoharibika hapa ni pochi ya zamani. Nodi iliyofuta bloku haiwezi kurudi nyuma kusoma historia ya miaka mitatu iliyopita, hivyo pochi itakataa au itaonyesha salio pungufu. Kwa nodi ya namna hii anza na pochi mpya, au tafuta diski ya terabaiti moja.

Asiyeweza nodi kwa sasa atumie angalau Tor, mtandao unaoficha IP yako. Tor haimzuii mwenye seva kuona kwamba anwani zako ni za mtu mmoja, ila inamnyima mahali ulipo. VPN ni hatua ndogo zaidi, kwa sababu unachofanya ni kuhamisha imani kutoka kampuni ya intaneti kwenda kampuni ya VPN. Nodi yako nayo ipitishe kwenye Tor kwa mstari wa proxy=127.0.0.1:9050, ili muamala wako usianzie safari kwenye IP ya nyumbani.

Kwenye Ethereum na mitandao inayofanana nayo mambo ni magumu zaidi. Huko hakuna vipande. Anwani moja inabeba salio lote, historia yote, sarafu thabiti zote, na ukijisajilia jina la .eth umeibandikia kibao cha mlangoni. Watu wakigundua hili hufungua anwani mpya, wanapokelea huko USDT, sarafu thabiti inayofuata thamani ya dola, kisha wanakwama: anwani mpya haina ETH, sarafu ya Ethereum, ya kulipia gesi, yaani ada ya muamala. Wanafanya nini? Wanaichota kutoka anwani ya zamani. Kazi yote imeharibiwa na kiasi kidogo cha gesi. Gesi ya anwani mpya itoke kwenye soko la sarafu moja kwa moja. Soko litajua, lakini umma hautajua, na hiyo ni tofauti kubwa. Jihadhari pia na wanaokutumia muamala wa sifuri kutoka anwani yenye herufi za mwanzo na za mwisho sawa na ya mtu unayemlipa mara kwa mara. Wanangoja uinakili kutoka kwenye historia. Usinakili anwani kutoka historia kamwe, na kabla ya kutuma linganisha herufi za katikati pia.

Wengine watauliza, kwa nini tusitumie Monero tukapumzika? Ni swali la haki. Monero inaficha kiasi na mpokeaji kwa kila muamala, na tangu Agosti 2022 kila kinachotumika kinachanganywa na vingine 15 vya kuzugia. Lakini ukibadilisha bitcoin kuwa Monero na nusu saa baadaye ukairudisha kwa kiasi kile kile ukitoa ada, huhitaji mtaalamu kukuunganisha. Iache ikae, itumie kwa viwango tofauti, na nodi iwe yako. Fahamu pia kwamba ulichopokea hakitumiki mpaka bloku 10 zipite, kama dakika 20. Mgeni huona salio limefungwa akadhani pochi ni mbovu. Zcash, sarafu nyingine ya faragha, ina ulinzi mzuri wa hisabati, ila kwa anwani zilizokingwa tu. Ukitoa kwenye anwani ya wazi, ukapita iliyokingwa na kurudi kwenye ya wazi kwa kiasi kile kile, umejisumbua bure.

Lightning, mtandao wa malipo uliojengwa juu ya bitcoin, inasaidia kwa malipo madogo madogo, kwa kuwa hayaandikwi kwenye daftari kuu. Anayelipa hufichika vizuri kuliko anayepokea, maana ankara ya kawaida hutaja nodi ya mpokeaji. Ila kama pochi yako ya Lightning inatunzwa na kampuni, kampuni hiyo inaona kila senti.

Kuhusu kuchanganya sarafu za watu wengi, CoinJoin, iliyopendekezwa na Gregory Maxwell mwaka 2013, nina tahadhari. Wazo ni zuri: watu wanaweka vipande pamoja, wanatoka na vipande vyenye thamani sawa, na haijulikani kipi ni cha nani. Lakini Aprili 2024 waanzilishi wa Samourai Wallet, pochi iliyotoa huduma hiyo, walikamatwa, na Juni mwaka huo kampuni iliyokuwa ikiratibu uchanganyaji wa Wasabi, pochi nyingine ya aina hiyo, ilifunga uratibu wake. Masoko mengi ya sarafu hutambua miamala hii kwa sura yake, na huenda yakafunga akaunti au kudai maelezo. Soma sheria ya mahali ulipo kwanza. Na ukishachanganya, usije ukaviunganisha tena vile vilivyotoka na chenji iliyobaki kando. Chenji hiyo haikuchanganywa na bado inakutaja. Kuna pia Payjoin, ambapo mpokeaji naye anaingiza kipande chake, na dhana ya "vilivyoingia pamoja ni vya mmoja" inavunjika kwa muamala unaoonekana wa kawaida tu. Inahitaji pochi za pande zote mbili ziikubali, na pochi hizo bado ni chache.

Faragha si kukwepa kodi wala kuficha wizi. Weka kumbukumbu zako kamili: tarehe, kiasi, thamani ya siku hiyo, chanzo. Mwenye haki ya kuuliza akiuliza, uwe na jibu. Unayemkwepa ni mwingine. Mwaka 2020 hifadhidata ya wateja wa Ledger, kampuni inayouza pochi za vifaa, iliibwa, na mwezi Desemba majina, anwani za nyumbani na namba za simu za watu takriban 272,000 vikamwagwa hadharani. Hakuna sarafu iliyotoka kwenye vifaa vile kwa uvujaji huo, lakini wenye navyo walianza kupokea barua za ulaghai na vitisho. Orodha ya majina na nyumba ikikutana na daftari linaloonyesha salio, hilo ni suala la usalama wa watu wanaolala chini ya paa lako. Kwa hiyo usitume picha ya skrini yenye namba ya muamala kwenye kundi la marafiki kuthibitisha umelipa. Mwandikie aliyelipwa, yeye peke yake.

Jambo moja la mwisho watu huligundua wakiwa wamechelewa. Simu ikipotea au kompyuta ikifa, maneno 12 au 24 ya siri yanarudisha sarafu zote. Hayarudishi lebo. Pochi inafunguka upya ikiwa na vipande arobaini visivyo na jina, vya soko na vya mteja na vya umma vimelala pamoja, na malipo yatakayofuata yatavichota vyovyote. Sparrow inakuruhusu kuhamisha lebo kwenye faili. Fanya hivyo kila baada ya miamala michache. Faili hilo ndilo lenye ramani nzima uliyohangaika kuificha, kwa hiyo lifunge kwa nywila imara na ulitunze mbali na yale maneno.